Kamera ya mama yangu haikuwa imekufa

Ndugu Mhariri,

Jumamosi iliyopita, katika ukurasa wenu wa teknolojia, msomaji mmoja aliuliza kwa nini programu ya simu za video kwenye kompyuta yake yenye mfumo wa Linux inamwandikia "Hakuna kamera iliyopatikana", ilhali kamera ameichomeka na taa yake anaiona inawaka. Mlimjibu kwa sentensi mbili: asakinishe upya mfumo mzima, na ikishindikana anunue kamera nyingine. Nililisoma jibu hilo mara tatu. Naomba nafasi nieleze kwa nini limenikosesha raha.

Mama yangu ni kiziwi. Alipoteza usikivu akiwa na umri wa miaka mitatu, baada ya homa ya uti wa mgongo, na lugha yake ya moyoni ni lugha ya alama. Mimi nilianza kuzungumza kwa mikono kabla sijaanza kuzungumza kwa mdomo. Tunaishi mbali, safari ya siku nzima. Watu wengine kamera ikigoma wanaizima na kuendelea kuongea kwa sauti. Kwetu kamera ikigoma, mazungumzo yamekatika. Anabaki na simu yake ya vitufe ya kutumiana ujumbe mfupi, na Kiswahili cha kuandika kwake ni lugha ya pili aliyofundishwa darasani. Yako mambo hawezi kuniambia kwa njia hiyo, nami yako nisiyoweza kumwambia.

Usiku ninaoukumbuka zaidi ni ule aliofiwa na mdogo wake. Ujumbe ulioniletea habari ulikuwa na maneno matatu tu: "Mdogo wangu. Basi." Nikafungua kompyuta nimpigie. Sura yangu aliiona, yake sikuiona. Programu ilikuwa imemwandikia maneno yaleyale aliyoandikiwa msomaji wenu.

Basi tulifanya kazi ya fundi kwa ujumbe mfupi. Mimi naandika amri kwenye simu, yeye anaisoma, anageukia kompyuta, anaichapa kwenye terminali (dirisha la kuandikia amri), kisha ananiandikia alichokiona. Amri ya kwanza ilikuwa lsusb. Alijaribu mara tatu, na mara zote mashine ilimjibu kwamba haiijui amri hiyo. Ilinichukua muda kuelewa kwamba kwenye kioo cha simu yake herufi l na namba 1 zinafanana, na yeye alikuwa akichapa 1susb. Nikamwandikia: "Ya kwanza ni herufi ya neno lala." Mara ya nne ikakubali.

Amri hiyo huorodhesha kila kifaa kilichojitambulisha kwenye matundu ya USB. Baada ya dakika kumi na moja alinijibu: mistari mitano, mmoja una neno Camera. Nilishusha pumzi. Maana yake kamera ilikuwa hai, waya ulikuwa mzima, na kuanzia hapo hapakuwa na sababu yoyote ya kufikiria kununua kitu. Mstari ule usingekuwepo, ningemwambia mengine: atazame kama kibodi ina kitufe cha kuzima kamera (kwenye baadhi ya kompyuta mpakato kitufe hicho huikata kamera kwenye USB, ikawa kama imeng'olewa), aangalie mipangilio ya BIOS (ile ya kompyuta yenyewe kabla mfumo haujawaka), abadili tundu, abadili waya. Na niwatahadharishe wenye kompyuta mpya zaidi: baadhi ya kompyuta mpakato za miaka ya karibuni zina kamera isiyopita USB hata kidogo. Inapita njia iitwayo MIPI na kushughulikiwa na kitengo cha picha ndani ya prosesa, kama kile cha Intel kinachoitwa IPU6. Kamera ya aina hiyo lsusb haitaionyesha hata ikiwa nzima. Sehemu ya msingi ya draiva ya IPU6, yaani programu inayouwezesha mfumo kuongea na kifaa, iliingia kwenye kerneli rasmi ya Linux, kiini cha mfumo, katika toleo la 6.10 mwaka 2024, na hata hapo picha mbichi inahitaji kukamilishwa na libcamera, programu saidizi ya kushughulikia picha za kamera. Mwenye kompyuta hiyo akinunua nyingine kwa sababu lsusb iko kimya, ameonewa.

Swali la pili usiku ule lilikuwa kama kerneli imeielewa kamera. Nilimwomba mama aandike sudo dmesg (sudo huomba mamlaka ya msimamizi, dmesg huonyesha taarifa za kerneli) na atafute neno uvcvideo. Hilo ni jina la draiva iliyoandikwa na Laurent Pinchart, ikaingia kwenye kerneli 2.6.26 mwaka 2008. UVC ni kanuni ya pamoja ya kamera za USB: kamera yoyote inayoifuata inaongea lugha moja na draiva moja, iwe imetengenezwa na nani. Kabla ya hapo karibu kila kamera ilidai draiva yake, na ukikosa hiyo umekosa kamera. Mama alilipata neno, na pembeni yake pameandikwa Found UVC 1.00 device. Kerneli imeiona na kuitambua.

Swali la tatu lilikuwa ls -l /dev/video*. Katika mifumo ya jamii ya Unix, kifaa huonekana kama faili. Kamera ya kwanza kwa kawaida huwa /dev/video0. Na faili lina mwenyewe, lina kikundi, lina ruhusa. Mama akanakili herufi moja moja: crw-rw----, kisha root, kisha video. Yaani mwenye faili ni msimamizi mkuu, na wanaoruhusiwa pamoja naye ni waliomo katika kikundi kiitwacho video. Nikamwambia aandike groups, amri inayotaja vikundi vya aliyeingia. Jibu lake halikuwa na neno video.

Hapo ndipo palipokuwa na ugonjwa. Wiki moja nyuma mjukuu wake alimfungulia akaunti mpya, nzuri, yenye picha anayoipenda. Akaunti ya zamani niliitia kwenye kikundi cha video mimi mwenyewe. Hii mpya hakuna aliyekumbuka. Kompyuta nyingi za leo hazimhitaji mtu afanye hivyo, kwa sababu huduma iitwayo logind humpa ruhusa ya kamera yule aliyeketi mbele ya mashine, na utaona alama ya kujumlisha mwishoni mwa zile herufi za ruhusa. Lakini mama nilimwekea mazingira mepesi sana yasiyotumia huduma hiyo, maana kompyuta yake ni ya zamani.

Hapa niseme kosa langu, kwa sababu linaweza kumwokoa mtu. Nilimtumia amri sudo usermod -G video ikifuatiwa na jina la akaunti yake. Akatoka, akaingia tena, na kamera ikafunguka. Tulizungumza hadi alfajiri. Alinisimulia mdogo wake alivyokuwa akimfasiria maneno ya watu walipokuwa watoto, akimbonyeza kiganjani ili mwalimu asione. Kesho yake alipotaka kusasisha mfumo, mashine ilimkatalia. Nilikuwa nimesahau herufi moja. Amri sahihi ni sudo usermod -aG video. Ile a inasema "ongeza". Usipoiweka, mtu anawekwa kwenye kikundi ulichokitaja na kuondolewa kwenye vingine vyote vya ziada, kikiwemo kile kinachompa haki ya kutumia sudo. Nilisafiri siku nzima kwenda kurudisha nilichokivunja. Ndiyo maana naomba, kama mtachapa ushauri wa namna hii, mhakiki kila herufi.

Sasa nirudi kwa msomaji wenu, kwa sababu naamini aliwapa jibu ndani ya swali lake. Alisema taa ya kamera inawaka. Kwenye kamera nyingi taa hiyo huwaka pale tu picha inapochukuliwa. Kama taa inawaka na programu ya simu inasema hakuna kamera, basi yupo mwingine anayeitumia kamera hiyo wakati huohuo. Video4Linux, sehemu ya kerneli inayosimamia video, huruhusu programu nyingi kulifungua faili la kamera, lakini ile iliyoanza kuchukua picha ndiyo huishika, na nyingine hujibiwa kwamba kifaa kina shughuli. Mtu anaweza kufunga dirisha la mkutano wa asubuhi akidhani ameifunga programu, kumbe imebaki hai nyuma ya pazia. Ilimtokea mama mara nyingi kuliko hitilafu nyingine yoyote. Dawa ni fuser -v /dev/video0, inayotaja jina na namba ya programu iliyoishika kamera. Ukiifunga hiyo, kamera inarudi. Dakika moja. Nyinyi mlimwambia afute mfumo mzima.

Na kama si hilo, nadhani ni jambo la /dev/video1. Tangu kerneli 4.16 ya mwaka 2018, draiva ya uvcvideo huweza kuifungulia kamera moja mafaili mawili: moja la picha, jingine la taarifa zinazoambatana na picha, kama muda kila fremu ilipochukuliwa. Hilo la pili halitoi picha. Mtu akisasisha mfumo anakuta ana video0 na video1, anadhani ana kamera mbili, anachagua ya pili kwenye programu, au programu inajichagulia yenyewe, kisha anaambiwa kamera haifanyi kazi. Kuna amri v4l2-ctl --list-devices inayoonyesha kwamba mafaili yote mawili ni ya kifaa kimoja. Ukitaka kujua lipi ni la picha, v4l2-ctl -d /dev/video0 --list-formats-ext itakupa orodha ya miundo, vipimo na kasi. Ukiliuliza la pili vivyo hivyo, orodha inatoka tupu.

Kuna jaribio moja ambalo ningependa kila mtu mwenye Linux alijue, kwa sababu linaugawa mkanganyiko wote katika vipande viwili. Acha programu ya simu. Fungua programu nyepesi ya kutazama kamera, kama guvcview au Cheese, au andika ffplay -f v4l2 /dev/video0. Ukijiona, basi waya, draiva, faili na ruhusa yako vyote ni sawa, na tatizo liko ndani ya programu ya simu. Usipojiona, huna haja ya kuigusa programu ya simu kabisa.

Ukijiona humo na kwenye programu ya simu usijione, siku hizi mara nyingi ni kwa sababu programu hiyo imefungiwa. Programu zinazosakinishwa kwa Snap au Flatpak, njia mbili za kusakinisha programu kwenye Linux, hukaa ndani ya uzio na hazigusi kila kilichomo kwenye mashine. Naunga mkono uzio huo kwa moyo wote. Sitaki kila programu imchungulie mama yangu. Lakini uzio una mlango, na mtu aambiwe mlango uko wapi. Kwa Snap unaandika snap connections na jina la programu, uone kama camera imeunganishwa. Kama haijaunganishwa, sudo snap connect, jina, nukta mbili, camera. Kwa Flatpak, flatpak override --user --device=all na jina la programu huondoa kizuizi, ingawa inafungua vifaa vingine pia, kwa hiyo mtu aifanye kwa programu anayoiamini. Wanaopiga simu kupitia kivinjari wajue kwamba kivinjari hutoa kamera kwa ukurasa wa https au ule wa mashine yenyewe. Ukurasa wa http wa kawaida hauipati, hata ubonyeze nini.

Mhariri, naomba subira yenu kwa jambo moja linalowahusu zaidi viziwi, maana sijawahi kuliona likiandikwa gazetini.

Kwa mtu anayesikia, picha ikikatikakatika si neno, sauti inambeba. Kwa anayeongea kwa alama, kasi ya picha ndiyo usikivu wake. Herufi za vidole zinapita haraka, na alama mbili zinaweza kutofautiana kwa mtikiso mdogo wa kifundo cha mkono. Picha zikiwa kumi kwa sekunde, vidole vya mama vinakuwa ukungu. Shirika la Mawasiliano la Kimataifa, ITU, liliona uzito wa jambo hili zamani. Mwaka 1999 lilitoa waraka mahususi kuhusu video kwa ajili ya lugha ya alama na kusoma midomo.

Tulipomnunulia mama kamera ya pembeni yenye picha pana, ili mikono yote miwili ionekane hadi kiunoni, picha ilikuja nzuri lakini nzito, kama anatembea ndani ya maji. Nilidhani ni intaneti. Siyo. Ilikuwa hesabu. Picha ya pikseli 1280 kwa 720, bila kubanwa, katika muundo uitwao YUYV, inatumia baiti mbili kwa kila pikseli. Ukitaka picha 30 kwa sekunde, hiyo ni baiti 55,296,000 kila sekunde. Njia ya USB 2.0 ambayo kamera hizi huitumia haiwezi kupitisha zaidi ya baiti 24,576,000 kwa sekunde kwa kifaa kama hicho. Kwa hiyo kamera hushusha kasi, mara nyingi hadi picha 10. Kamera hiyohiyo inaweza kutoa muundo wa MJPG, ambao kila picha imebanwa kabla ya kuingia kwenye waya, na hapo 30 zinapita bila shida. Programu ya simu ilikuwa imechagua YUYV bila kumuuliza mtu. Tulipoiambia ichukue MJPG, mama aliinua mikono, akaandika jina langu kwa vidole mbele ya kamera, nikalisoma herufi kwa herufi. Nililia, na sioni haya kusema.

Hesabu hiyohiyo ilituumiza baadaye. Mama alitaka kamera mbili kwa wakati mmoja, ya kwenye kompyuta kwa ajili ya uso na ya pembeni kwa ajili ya mikono. Kamera ya ndani na ya nje zilikuwa zinapita kwenye njia moja ya USB. Ya kwanza ikawaka; ya pili ikagoma. Wakati huo alishazoea kujaribu mwenyewe kwenye terminali, na terminali ilimwandikia: No space left on device. Alimuuliza mjukuu maana yake, akaambiwa nafasi imejaa. Mama akafuta picha za miaka minne ili kupata nafasi. Kamera haikuwaka.

Nafasi iliyokuwa imejaa ni ile ya njia ya USB, wala si ya diski. Kerneli hutumia kosa namba 28 kwa hali zote mbili, na maneno yanayotoka ni yaleyale. Zilihitajika dakika chache tu: kuichomeka kamera ya pili kwenye tundu linalopita njia nyingine ya USB badala ya kwenye kile kifaa cha kugawa tundu moja kuwa manne, au kuchagua MJPG kwa zote mbili, au kupunguza vipimo. Zipo kamera zinazodai nafasi kubwa kuliko zinayoihitaji hata zikiwa kwenye MJPG; wenye nazo huambiwa waipakie upya draiva kwa modprobe uvcvideo quirks=128, ili ikadirie yenyewe, ingawa hesabu hiyo hufanyika kwa miundo isiyobanwa tu, kwa hiyo kwa MJPG haisaidii. Picha za miaka minne hazikurudi. Zilikuwemo za mdogo wake.

Kwa hiyo mnaposema "sakinisha upya", mjue kuna mtu anayeyafanya mnayoyasema, kwa utii, na anapoteza vitu.

Wasomaji wenu wanaotumia mifumo mingine ya jamii hii wasisahaulike. Kwenye OpenBSD kamera inaweza kuonekana, ikafunguka, na ikatoa picha nyeusi tupu, kwa sababu mfumo umeamua kwamba kurekodi video ni jambo la kuombwa: unaandika sysctl kern.video.record=1 ukiwa msimamizi, na pia unahakikisha una ruhusa ya kusoma /dev/video0. Kwenye FreeBSD kamera za USB hupita kwenye webcamd, huduma iliyoandikwa na Hans Petter Selasky, aliyefariki mwaka 2023, ambayo inazitumia draiva za Linux nje ya kerneli. Inahitaji moduli ya cuse, kipande cha kuongeza kwenye kerneli, ipakiwe na mtumiaji awe kwenye kikundi cha webcamd. Namtaja kwa heshima. Sikumjua, lakini kazi yake imewaonesha watu wengi nyuso za wapendwa wao.

Mwisho nina neno kwa waandishi wa programu, na najua baadhi yao wanalisoma gazeti hili. Mashine haikosi maneno. Faili lisipokuwepo, kerneli inarudisha kosa namba 2. Ruhusa ikikosekana, 13. Kamera ikishikwa na mwingine, 16. Njia ikijaa, 28. Hata ndani ya vivinjari kanuni imetenganisha: NotFoundError ni kamera haipo, NotAllowedError ni imekatazwa, NotReadableError ni ipo lakini haisomeki, na mara nyingi ni kwa sababu imeshikwa. Habari zote hizo zinafika mkononi mwa mwandishi wa programu. Kisha yeye anazikunja zote na kuandika "Hakuna kamera iliyopatikana". Huo ni uongo, katika hali tatu kati ya nne. Kamera imepatikana. Andikeni: "Kamera ipo, lakini huna ruhusa." Andikeni: "Kamera inatumiwa na programu nyingine", na mkiweza itajeni. Ni mistari michache ya kazi, na kwa upande wa pili yuko mtu aliyekaa usiku na msiba wake, hana njia nyingine ya kusema.

Na kwako Mhariri, naomba mambo mawili. Mpeni msomaji yule jibu jipya, na aanze na fuser, kwa sababu ya ile taa. Kisha mchape amri hizi kwa utaratibu wake, kutoka kwenye waya kwenda juu, mahali ambapo mtu anaweza kuzikata na kuzibandika ukutani: lsusb, sudo dmesg, ls -l /dev/video*, groups, fuser -v /dev/video0, v4l2-ctl --list-devices. Mama amezibandika juu ya meza yake, kwa mwandiko wangu. Mwezi uliopita kamera ilipogoma, kabla sijauliza lolote, alinitumia ujumbe: "USB ipo. video0 ipo. Ruhusa ipo. Nani ameishika?" Dakika mbili baadaye alikuwa mbele yangu, mikono juu.

Mkizichapa, tafadhali mchague aina ya herufi ambayo l na 1 hazifanani.

Wenu,
Mtoto wa mama asiyesikia